Darasa la hati Istanbul, kwa nauli ya kivuko tu

Wadau, nimerudi Dar, na swali ninaloulizwa kuliko yote si "Istanbul kukoje" wala "umetuletea nini." Swali ni hili: "Mshahara wako tunaujua, hizo kozi za sanaa ulilipa na nini?" Naona heri nijibu hapa mara moja, maana kwenye simu nimerudia mpaka sauti imekauka.

Jibu fupi: nililipa nauli ya kivuko, kalamu tatu, chupa ya wino na karatasi. Mwalimu hakuchukua hata senti. Jibu refu ndiyo makala yenyewe, na ndani yake mna mambo ya Uturuki na mengine ya kwetu ambayo sikuyafuata kule lakini nimerudi nayo.

Nilikaa wiki sita kwa mafunzo ya kazi. Asubuhi darasani, mchana huru. Sasa mtu ukiwa huru kwenye mji wa watalii, kila kona unauziwa kitu. Pale Sultanahmet, karibu na Ayasofya, kuna mabango ya kila rangi: jifunze sanaa ya jadi, jifunze maandishi ya Kiosmani, ondoka na kazi ya mkono wako. Niliingia kwenye chumba kimoja kuuliza. Utaratibu wao ni kwamba jina lako linachorwa kwa penseli na mtu anayejua, wewe unapitisha wino juu ya mstari wake, unapigwa picha, unatiliwa kazi yako kwenye fremu. Saa mbili, kwisha. Bei yake ilikuwa sawa na kulala usiku tatu kwenye hosteli yangu. Sina ugomvi na wanaolipa, wengi walikuwa wanatoka wanacheka. Lakini kufuatisha mstari wa mwenzako si kujifunza kuandika, na mimi nilitaka kujifunza kuandika. Nikaaga kwa adabu, nikaenda kula mkate wa ufuta.

Aliyenionyesha njia ni muuza kalamu. Ukitoka Msikiti wa Beyazıt kuelekea Soko Kuu la kufunika, kuna ua mdogo wa vitabu unaitwa Sahaflar. Hapo na mitaa ya jirani utaona maduka yenye mafungu ya matete yaliyokauka, ya kahawia na meusi, yamepangwa kama vijiti vya mishikaki. Hizo ndizo kalamu. Na hapa nawapa siri ambayo ingeweza kuwa makala nzima: popote uendako, ukitaka mwalimu wa sanaa ya kale, usimuulize mtu wa hoteli. Muulize anayeuza vifaa. Walimu wote wananunua kwake, anajua nani mkali, nani mpole, nani anafundisha kwa fedha na nani hafundishi kwa fedha. Yule mzee aliniuliza ninakaa mpaka lini, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona majibu ya maabara, kisha akaniandikia anwani ya wakfu mmoja ng'ambo ya pili, Üsküdar. Jumanne na Alhamisi, baada ya alasiri.

"Bei?" nikauliza.

Akaniangalia. Hati haiuzwi, akasema, inauzwa kalamu. Akaniuzia tatu.

Nilidhani ni maneno ya duka. Si maneno ya duka. Katika desturi ya hati ya Kituruki, mwalimu anayemfundisha mwanafunzi mmoja mmoja kwa kumwandikia na kumsahihisha hachukui malipo ya somo. Yeye alipewa bure na mwalimu wake, naye anatoa bure. Anakula kwa kazi zake nyingine: maandishi ya misikiti, kazi za kutundika ukutani, ajira ya chuo kikuu. Kwa mtu aliyepita chuo cha Qur'ani Tanga, kama mimi, hili halishangazi kabisa. Mwalimu wetu hakuwa na bei. Mzazi alileta mchele, sukari, kitambaa cha kanzu ikikaribia Idi, na aliyekuwa hana alileta mtoto tu.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu Istanbul ni bure. Kuna kozi za kulipia za heshima zake, kwa mfano pale Madrasa ya Caferağa, jengo la msanifu Sinan la mwaka 1559, ambalo kwa miaka mingi limekuwa na madarasa ya sanaa za jadi. Kuna pia kozi za manispaa ya jiji, maarufu kwa jina la İSMEK, zilizoanza mwaka 1996, lakini hizo ni za wakazi wa mji na sisi wapita njia hazituhusu. Na kuna wakfu kama huu wa kwangu, ambapo unachohitaji ni kufika kwa wakati, kuvua viatu na kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kulikonishinda wiki ya kwanza! Mnajua kazi yetu, tunalipwa kwa kuuliza. Chumba kilikuwa na meza ndefu, birika la chai, na watu kama kumi na wawili hivi. Mama mmoja mfamasia mstaafu, mwanafunzi wa usanifu majengo, kijana wa Indonesia aliyejigamba kwamba kalamu nyeusi, zile ngumu kuliko zote, zinatoka kwao Java. Mwalimu anakaa mwisho wa meza. Unapeleka karatasi yako, anaiangalia, anaandika kwa wino mwekundu chini ya mstari wako namna ilivyotakiwa kuwa, anakurudishia. Maneno matatu, manne. Nami kila akimaliza nilikuwa na swali. Siku ya pili yule mama mfamasia akaniegemea sikioni akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Mwanangu, swali lako andika kwa kalamu, yeye atalijibu kwa kalamu."

Basi bwana, somo la kwanza la hati si jina lako. Ni nukta. Unaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, unaivuta kidogo kwa mshazari, inatoka alama ya pembe nne iliyosimama kwa pembe moja. Hiyo nukta ndiyo rula yako. Herufi zote zinapimwa kwayo. Alifu ya hati iitwayo thuluthi, ile kubwa ya kwenye misikiti, ina urefu wa nukta saba. Ukibadilisha kalamu, nukta inakuwa kubwa au ndogo na herufi zote zinakua au kupungua pamoja. Aliyeweka msingi wa vipimo hivi ni Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Mtu alikuwa waziri wa makhalifa watatu, lakini sisi tunamkumbuka kwa nukta.

Baada ya nukta nilitegemea alifu, be, te. Wapi! Mwanafunzi wa Istanbul huanza kwa dua: mstari mfupi unaomba kazi iwe nyepesi, isiwe nzito, na iishe kwa heri. Unauandika huo mstari wiki baada ya wiki. Kuna watu wanauandika miezi. Ndipo unarudi kwenye herufi moja moja, halafu mbili mbili, be na alifu, be na jimu, mpaka uchoke, halafu ukishachoka unaanza. Yule mama mfamasia alikuwa mwaka wa tano. Mwisho wa yote kuna ijaza, cheti ambacho mwalimu anaandika chini ya kazi yako kwamba sasa una ruhusa ya kutia jina lako. Kabla ya hapo hutii saini. Hebu fikiria, sisi tunaoandika habari ya aya mbili na jina letu liko juu kwa herufi nene.

Vifaa navyo ni darasa. Tete linachongwa kwa kisu, ncha inakatwa mshazari, inapasuliwa katikati ili wino ushuke. Wino mzuri ni masizi na gundi ya mti, unasagwa kwa muda mrefu kweli. Inasimuliwa kuwa kwenye Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, hewa ilielekezwa ili moshi wa taa za mafuta ukusanyike sehemu moja juu ya mlango, masizi yake yakatengenezewa wino. Ndani ya kidau kunawekwa nyuzi za hariri mbichi ili kalamu isibebe wino kupita kiasi. Karatasi inapakwa ute wa yai, inakauka, inasuguliwa kwa jiwe mpaka inang'aa, na faida yake ni kwamba wino haunywewi: ukikosea unaramba kidole unafuta. Mimi nilitumia karatasi ya kawaida ya kung'aa iliyouzwa kwa fungu, na ilitosha.

Kwa wale mtakaopita Istanbul siku mbili tu, hati achaneni nayo, nendeni kwenye ebru. Ni uchoraji juu ya maji. Maji yanafanywa mazito kwa utomvu, rangi inachanganywa na nyongo ya ng'ombe ili itawanyike bila kuzama, unainyunyiza kwa brashi ya manyoya ya farasi iliyofungwa kwenye kijiti cha mwaridi, unaitembeza kwa sindano, unalaza karatasi juu, unaivuta. Kila karatasi ni moja tu duniani. UNESCO waliitambua ebru mwaka 2014. Hii hata somo moja la kulipia lina maana, kwa sababu rangi ni yako, mkono ni wako, na makosa yanapendeza. Tena mmoja wa mabingwa wake wa karne iliyopita, Mustafa Düzgünman, aliyefariki mwaka 1990, alikuwa muuza dawa za miti na viungo hapo hapo Üsküdar. Duka la viungo mchana, ebru muda uliobaki. Nilimpenda bila kumjua.

Lakini nirudi mezani kwetu, maana yaliyonigusa yako huko.

Siku moja mwalimu aliuliza nafanya kazi gani. Yule kijana wa usanifu akanijibia: "Muhabir." Nikashtuka, nikacheka peke yangu. Muhabir, mtu wa habari! Nikaanza kuwasikiliza vizuri. Kalem, kalamu. Kitap, kitabu. Vakıf, wakfu. Na sanaa yenyewe wanaiita hat, ambayo ni hati yetu. Sisi neno hati tumelibakiza kwenye ofisi ya ardhi, hati ya nyumba, hati ya kiwanja. Lakini mama zetu waliosomea uhazili walijifunza hati mkato, na wachapaji wanasema hati mlazo, kwa hiyo ile maana ya kwanza, ya namna ya kuandika, bado imo kwenye lugha, imejibanza.

Mwalimu akauliza swali la pili: lugha yenu mliiandika kwa herufi hizi? Nikasema ndiyo. Akanisogezea kipande cha karatasi. Andika.

Nikaandika "chapati" kwa sababu nilikuwa na njaa, na hapo hapo nikakwama pale ambapo babu zetu wote walikwama. Kiarabu hakina ch, hakina p, hakina g, hakina v. Waandishi wetu wa zamani wengi walitumia herufi ya jirani wakaacha msomaji ajijazie. E na i walizipa alama moja, o na u vilevile, na ule mng'ong'o wa mb na nd mara nyingi hawakuuandika kabisa. Asiyejua Kiswahili barabara asingeweza kusoma. Mwalimu akachukua kalamu yake, akaandika be akaiwekea nukta tatu chini: pe. Akaandika jimu akaiwekea nukta tatu: che. Kiosmani kilizipata kwa Waajemi. Nikamwambia kwa msaada wa yule kijana kwamba na kwetu wapo waliotengeneza herufi za namna hiyo. Mombasa karne ya 19 alikuwapo Mwalimu Sikujua, mwanachuoni na mnakili, aliyeshughulika sana na jinsi ya kuandika sauti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Kisha akaniuliza mliacha lini. Yeye ya kwao anaijua kwa tarehe: sheria ya Novemba mwaka 1928. Ndani ya miezi michache magazeti, mabango na vitabu vya shule vikahamia herufi za Kilatini. Mabingwa wa hati wakakosa kazi usiku mmoja. Hamid Aytaç, mkubwa wao aliyeishi mpaka mwaka 1982, aliendelea kuhangaika na kazi za uchapaji na maandishi ya misikiti. Waliobaki wachache walifundisha wachache, na kwa sababu ya wachache hao leo Istanbul ina wanafunzi wa hati kutoka kila bara.

Ya kwetu haina tarehe moja. Mjerumani alikuja na herufi zake, wamisheni na zao, kisha mwaka 1930 ikaundwa ile kamati ya lugha ya makoloni ya Mwingereza, Kiswahili sanifu kikasanifiwa kwa Kilatini. Hakuna aliyetangaza kwamba herufi za zamani zimekufa. Ziliachwa tu zizeeke na wenyewe. Na sisemi tungebaki nazo. Mimi naandika hapa kwa Kilatini, nimesoma kwa Kilatini, na e na i zangu nazitaka zitofautiane. Kinachoniuma ni kitu kidogo zaidi ya hicho. Mturuki wa leo anajua kwamba kuna kitu kiliachwa. Vijana wa Dar niliokaa nao miaka mitano chuo kikuu, wasomi wazuri, wanadhani Kiswahili kilianza kuandikwa mzungu aliposhuka melini.

Barua za Kiswahili zilizoandikwa pande za Kilwa mwaka 1711 zipo mpaka leo, zimehifadhiwa Goa, India. Huko Siyu, kisiwa cha Pate, walikuwapo wanakili wa Qur'ani waliopamba kurasa zao kwa wino wa rangi. Na Kizimkazi, Unguja, kwenye ukuta wa msikiti, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, tarehe yake ni mwaka 1107. Kwa Kiarabu, ndiyo, lakini yalichongwa kwenye jiwe la kwetu. Miaka 329 kabla ya kuzaliwa Sheikh Hamdullah, ambaye Waturuki wanamhesabu baba wa hati yao! Nililitaja hili mezani. Mwalimu aliacha kuandika. Aliomba picha. Nikaitafuta kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili, akaiangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia karatasi yangu yoyote.

Desemba mwaka 2021 UNESCO waliingiza hati ya Kiarabu kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya nchi 16. Oman imo. Sudan imo. Mauritania imo. Uturuki iliingiza ya kwake peke yake mwaka huohuo. Tanzania, Kenya na Komoro hazimo. Sijui kama kuna mtu ofisi yoyote alikosa usingizi kwa hilo. Mimi nilikosa, kwenye kitanda cha juu cha hosteli, huku Mjerumani wa kitanda cha chini anakoroma.

Nimemaliza wiki sita bila kuvuka ule mstari wa dua. Nukta yangu ilikubalika wiki ya tatu, mara moja, na wiki ya nne ikakataliwa tena. Siku ya kuaga nilipeleka sanduku la halua, mwalimu akaligawa kwa wote pale pale. Nikauliza, safari hii kwa mdomo, kama mtu anaweza kuendelea akiwa mbali. Akanitajia Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyepata ijaza yake Istanbul mwaka 1988 na ambaye hati yake ilitumika kwenye stempu ya Idi ya posta ya Marekani mwaka 2001. Huyo, akasema, mazoezi yake mengine yalikuwa yanakwenda na kurudi kwa posta. Wewe una simu.

Kwa hiyo sasa kila Jumapili usiku natandika gazeti mezani Kinondoni, naandika mstari, nampigia picha, naituma. Inarudi na michirizi myekundu. Dada yangu anasema kwa muda ninaotumia ningekuwa nimeshajifunza kushona na kupata fedha.

Gharama, kwa wanaotaka hesabu: kalamu na wino havikufika bei ya viatu vya mtumba vya maana pale Karume, nauli ya kivuko ni kadi ile ile ya mabasi, chai ya bure. Nendeni na muda, si fedha. Mwenye wiki moja aende ebru, mwenye mwezi aende hati, mwenye mwaka aniandikie nimpe anwani.

Na mwenye kumjua mtu yeyote, Pangani, Bagamoyo, Lamu, Unguja, Moroni, anayeweza bado kuandika barua ya Kiswahili kwa herufi za zamani, naye aniambie. Mpaka sasa nimempata mmoja, mzee wa Tanga aliyekuwa akiandika kombe kwa zafarani enzi za utoto wangu. Nilimpigia wiki iliyopita nikamwuliza kama atakubali kunifundisha che yake ilivyo. Kwanza alitaka kujua mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, akasema nije Jumamosi, nije mapema kabla ya jua kali, na kalamu nije nayo kwa sababu yake imevunjika.